Niliwatungia Wenzangu Mkutano wa Kuzika Upya Wafu Wao

Nilikosea, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilikosea kwa kiburi tu.

Nilitoka Uvinza na lori la chumvi: Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, hadi nikashushwa Makambako siku ya nne, nikitetemeka kwa baridi. Miaka ishirini na tatu ya kuzurura! Kila nilikofanya kibarua niliwachosha watu kwa sifa za kwetu, ulanzi wetu, pombe ya mianzi, viazi vyetu vya kuchoma kwenye majivu. Kumbe nasifia kijiji nisichokijua tena.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alinipokea akanipa chumba.

Wiki ile katapila la mradi wa maji lilikuwa limefukua makaburi ya kale kilimani. Mifupa ilikaa kwenye masanduku ndani ya stoo ya mradi. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne na mwandiko wa kupendeza, nikapewa ukarani wa mradi.

Afisa wa mradi alinieleza vizuri kabisa. "Sheria hairuhusu tuwazike tena kimyakimya. Bandika tangazo, itisha mkutano, waulize wenyeji hawa wafu ni wa nani na wanataka wazikwe wapi. Niletee muhtasari na mahudhurio."

Nikacheka! "Mkuu, mimi nimechunga ng'ombe kwenye kilima hicho. Makaburi yale hayana mwenyewe."

"Una hakika?"

"Asilimia mia! Na hawa watu utawauliza nini? Watabishana mpaka mahindi yakomae."

Hivyo ndivyo nilivyowasema watu wangu.

Tangazo nililibandika upande wa ndani wa mlango wa stoo, lisomwe na panya. Muhtasari niliutungia kilabuni, ulanzi mbele yangu. Nikaweka maswali, nikaweka majibu, hata makofi nikaweka! Mahudhurio? Nikachukua karatasi ya mkutano wa mbolea ya ruzuku, yenye sahihi na alama za dole gumba za wanakijiji, nikaibana nyuma. "Wananchi wameridhia kwa kauli moja." Jina la mwandishi nikaliacha wazi. Mshenzi mimi!

Mifupa yote ikatiwa shimo moja kando ya barabara ya Njombe, ikamiminiwa zege.

Shangazi aliposikia, alikaa chini pale pale uani. Bibi yake alikuwa amezikwa kilimani. Kila mwaka kabla ya kupanda mahindi, wanawake wa ukoo hukwea alfajiri kupalilia makaburi yale, kila mmoja akijua jiwe la mtu wake. Sisi wachunga ng'ombe tulifika jua limeshapanda. Nilichokiita ujuzi wa kwetu kilikuwa ujinga wa mtoto!

Ukoo ukalalamika, akaja mkubwa kutoka wilayani. Akasoma majina ya mahudhurio. La tisa, shangazi, peke yake kutoka ukoo ule, na dole lake.

"Dole hilo niliweka siku ya mbolea," akasema.

Mzee mmoja wa ukoo akapiga kelele, "Mbolea! Dada, kwa hiyo bibi yetu umemfanya samadi?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hajui kusoma. Akanigeukia mimi niliyesimama na kalamu, nikiandika muhtasari wa siku hiyo pia.

"Baba, wewe umesoma. Hebu waambie imeandikwaje."

Nikasoma. Kwa sauti safi, bila kukwama, "Wananchi wameridhia kwa kauli moja." Nikafunga faili.

"Sahihi zipo, shauri limekwisha," mkubwa akasema.

Tangu hapo hakuna aliyemwita shangazi kwenye msiba wala sherehe. Akienda bombani, wanawake wanakatiza maongezi. Kwao yeye ndiye aliyemuuza bibi. Nami nikaendelea kula ugali wake miezi miwili, pumbavu kabisa!

Nilishindwa kumtazama nikafungasha. Alinisindikiza mpaka stendi ya Makambako, mfuko wa viazi kichwani, vyangu vya njiani.

"Huko uendako kuna wakubwa," akasema. "Ukimpata mmoja mwenye moyo, muulize ni nani aliyeandika karatasi ile."

"Nitauliza, shangazi."

Nikapanda basi. Sijarudi, na sitarudi.

Wewe unayetumwa kuwauliza watu, waulize! Usijibu kwa niaba yao eti wewe ni mwenyeji. Na kama umeshaandika uongo, ukiri wakati mkutano ungali umekaa. Watu wakishatawanyika, utaishia kumdanganya mtu mmoja tu, yule aliyekubebea mzigo.