Bawa la Mjomba Halikuchanika

Na wala si nyuzi. Nyuzi za mjomba hazikukatika, na anayesema zilikatika aje anionyeshe kipande. Jana tena kaja mteja kuchukua turubai lake la lori, hata halijaguswa na mkasi, eti anaogopa. Unaogopa nini? Lori lako linaruka?

Nimechoka kubishana na mmoja mmoja. Naeleza hapa mara moja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Ni fundi mahema. Duka lake ni chumba cha mbele, sisi tunalala cha nyuma. Dukani ni cherehani moja nzito, meza ndefu, na mkasi anaouvaa shingoni kwa kamba kama daktari. Ukiingia na shati lenye uzi umetokeza kolani, anaukata kabla ya salamu. Mkewe alipoondoka aliaga kwamba anaenda kutafuta mwanamume atakayemtazama usoni, si kwenye pindo.

Starehe yake ilikuwa moja tu, kuruka. Lile bawa kubwa la kitambaa na mabomba: unavaa mikanda mwilini, mkanda wa mgongoni una kulabu, unaitia kwenye kitanzi cha bawa, unakimbia mteremkoni mpaka upepo unakubeba. Miaka yote aliruka na bawa kuukuu la viraka. Safari hii alishona jipya mwenyewe, la njano, na kitanzi chake. Anashona, anafumua, anarudia, mpaka jirani akauliza bibi harusi ni nani.

"Hili likinibeba," aliniambia, "nitajua mkono wangu unafaa."

Siku ya kulirusha mimi nilisubiri chini uwanjani nimpokee. Juu kilimani alikuwa na rafiki yake fundi baiskeli, wa kumshikia pua ya bawa, na kundi la watu na simu zao. Fundi baiskeli ndiye aliyenisimulia. Mjomba alishajifunga, akalala kidogo chini ya bawa kuhakikisha kulabu imeshika na mkanda unamvuta, kama wanavyofanya siku zote. Unavuta. Ile anasimama, akaona uzi umetokeza kwenye ncha ya bawa. Uzi tu, jamani. Akafungua kulabu, akaenda kuukata. Akarudi, upepo umekaa vizuri, watu wanapiga kelele aende. Akaenda. Kulabu hakuirudisha, na fundi baiskeli, kwa kuwa alishamwona akilala mara ya kwanza, hakufikiria mara ya pili.

Mimi nilichoona ni bawa la njano linakuja likielea, halijachanika popote, halina mtu.

Nikaliacha lianguke linapotaka, nikakimbilia kilimani. Tuliporudi kulitafuta, watu walishaligawana. Kitambaa kimeezeka mabanda ya kuku, mabomba sijui yako kwa nani, na kitanzi hakijulikani kilipo.

Sasa amelala, nyonga imevunjika, na hakumbuki chochote cha asubuhi ile. Anachojua ni kwamba alianguka, na bawa alilishona yeye. Fundi baiskeli alikaa pembeni ya kitanda akamweleza yote, akaapa. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho.

"Unanipaka mafuta, bwana," akamwambia. "Kitanzi kilikatika. Nilishona vibaya."

Nikamwambia na mimi. Akaniagiza nigeuze cherehani ielekee ukutani, na nimtafutie mnunuzi. Mnunuzi keshapatikana. Anakuja Jumamosi.

Ile video mnayotumiana nimeitazama mpaka macho yanauma. Imekatwa. Inaanza yuko hewani tayari, kalishika bomba kwa mikono, miguu inapiga upepo, halafu basi. Mmeibandika na maneno, eti fundi wa nyuzi za kuoza. Lakini mwanzo kabisa kuna sauti ya mwanamke anacheka, anasema, "Nilisema ana mkia." Mkia gani? Ni mkanda wa mgongoni na kulabu yake, unaning'inia mtupu. Dada, uliuona kabla hajakimbia. Ukacheka. Hukujua, sawa, labda hata mimi ningecheka.

Mjomba sikumwonyesha picha. Nilimsikilizisha sauti tu. Akasema watu wakicheka husema mengi, akageukia ukuta.

Kusahau, mtu yeyote anasahau. Ataumia akijua, lakini atashona. Akibaki kuamini kwamba mikono yake ndiyo iliyomwangusha, huyu hashiki tena sindano, na hana kingine anachokijua duniani.

Kwa hiyo wewe dada mwenye ile sauti, au yeyote aliyepiga tangu mwanzo, itafute video nzima, ile inayomwonyesha akienda kukata uzi. Ilete dukani kabla ya Jumamosi. Sitakutukana. Nyie wengine, futeni hicho kipande. Futeni leo.