Mkono wa Mama Opal

Simu iliita Verna akikanda unga wa mikate, na mchungaji akamwambia kwamba kaka yake, muuza bastola wa mji wao mdogo wa Kentucky, ameanguka nyuma ya kaunta na Bwana amemchukua. Enzi za uhai wake, kaka yule hakuwa akimuuliza mteja anataka risasi ya ukubwa gani. Alikuwa akimpa mkono kwanza, akiushika kitambo huku akihamisha kijiti cha meno kutoka shavu hili kwenda lile, akipima nguvu ya vidole. Ndivyo Verna alivyomwona siku moja dukani akiushika mkono wa Mama Opal, mjane aliyeishi peke yake bondeni, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Mwanawe Dwayne alikuwa ameshapakia kitanda cha mama kwenye pikapu: mama asipoweza kujilinda, anahamia kwake.

"Mpe bastola ya arobaini na tano kama yangu," Dwayne alisema.

"Hataweza hata kuikoki." Kaka akatoa ya ishirini na mbili, ndogo, ya risasi nyembamba.

"Hiyo si ya kuulia kindi?"

"Basi kasimame pale mbele, kindi."

Kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka, risasi ya kwanza ya Dwayne ilichimba udongo. Mama Opal alizimaliza zake zote kifuani mwa mtu wa karatasi, akageuka taratibu. "Dwayne mwanangu, rudisha kitanda changu."

Jumamosi walimzika kaka kando ya kanisa. Waliimba beti zote za wimbo kwa sauti kuu. Verna akaligusa jeneza, akasema, "Tutaonana, kaka," nao wakalishusha.