Nguo ya Gome Jukwaani

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari mjini Kasulu, na ndio mwaka niliogombana na kila mtu kwa sababu ya nguo. Tulikuwa tunaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu Waha waliokuwa wakienda Uvinza kufuata chumvi, zamani, kabla ya Wajerumani. Mavazi yalikuwa juu yangu. Nilichora kila mhusika kwa penseli na kalamu za rangi nyuma ya kalenda kuukuu, maana karatasi zake ni kubwa na ngumu. Wanawake wote niliwavika impuzu, ile nguo ya gome la mti linalopondwa mpaka likalainika, na fundo begani.

Mkuu wa shule alitaka vitambaa vya madoadoa ya chui, kama vya vikundi vya ngoma. Kwenye majukwaa yetu mtu wa kale lazima avae chui, hata kama alikuwa mkulima wa maharage.

"Mgeni rasmi atakaa mbele, mwalimu," alisema. "Hawa uliowachora wanaonekana ombaomba."

Nilimuuliza hao chui wote waliishi wapi hata wakatosha kuivisha Buha nzima, nchi yote ya Waha. Alicheka bila kupenda, akaniruhusu, kwa sharti kwamba aibu ikija iwe yangu peke yangu.

Mtu wa kuponda magome sikumpata. Nikanunua magunia ya kahawa kule Manyovu, nikayachemsha kwa majani ya chai na udongo mwekundu mpaka yakapata rangi niliyoichora. Fundi wangu, mzee mwenye asili ya Tanga aliyeshonea kwenye baraza la duka moja, aliyashika kwa vidole viwili.

"Mwalimu, mabwana harusi wa mji huu nawavisha mimi. Leo waniletea gunia?"

Nikambandikia michoro ukutani, mbele ya cherehani yake. "Shona hivi hivi, mzee wangu."

"Haya. Umelikoroga mwenyewe, utalinywa."

Alishona, tena vizuri, ingawa mgongoni mwa nguo moja maandishi ya gunia yaligoma kutoka.

Aliyeniumiza ni bibi yangu, mama yake mama. Aliishi Kitahana, Kibondo, na habari zote za impuzu nilizipata kwake tangu utotoni. Nilimpelekea michoro nikitegemea sifa. Alikuwa anachambua maharage. Akaitazama mmoja mmoja, akailaza kifudifudi.

"Weka chui," alisema.

"Bibi, si wewe uliyeniambia kwamba mlivaa hivi?"

"Ego, ndiyo, nilikuambia wewe. Sikukuambia uwaambie watu."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Watu walipokuwa wameshaanza kuvaa pamba, mama yake alikwenda gulioni na impuzu, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Vijana wakamzomea mpaka akageuza njia na mzigo wake kichwani. Gulioni hakukanyaga tena.

"Mama yangu walishamcheka, mwana wanje, mwanangu. Unataka wamcheke tena, mbele ya mgeni rasmi?"

Nilirudi Kasulu nimejaa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya bibi. Niliwachukia wale vijana, ambao pengine wote walishakufa. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba nikiweka chui, wao watakuwa wameshinda mara ya pili. Nikampigia mjomba, nikamwomba amfikishie bibi ujumbe: nguo ni zile zile, na ninamwomba sana aje.

Alikuja. Alikaa mstari wa pili, kitenge chake kizuri, mkoba mapajani, uso ameukunja. Binti wa kwanza aliingia amejitwisha chumvi, na nilichokiogopa kikatokea. Huko nyuma wanafunzi wakaanza kucheka.

Kwenye mazoezi nilikuwa nimemsisitizia binti huyo jambo moja: wakicheka, usiharakishe. Akasimama. Akatua mzigo taratibu, akakaza fundo la begani, akajitwisha tena, akaendelea na safari. Kicheko kikafifia kabla hajafika upande wa pili wa jukwaa. Akaingia mwingine, na mwingine, ukumbi umetulia. Hata yale maandishi ya gunia yalipita bila mtu kusema neno.

Mchezo ulipokwisha nilimfuata bibi, nikiwa tayari kugombezwa.

"Walicheka," alisema.

"Kidogo, bibi."

"Kidogo. Na yule binti hakugeuza njia."

Akaufungua mkoba wake, akatoa kanga iliyokunjwa, akaitandaza mapajani.

"Niletee mchoro wake niufunge humu," alisema. "Mama hakuwahi kupigwa picha."