Mkulima wa Hodge Hill na Vyombo vya Mama Mkubwa

Mkulima yule aliacha kitanda cha manyoya ya bata, ng'ombe watatu, sufuria sita za shaba na mizinga minne ya nyuki. Najua kila sufuria ilikwenda kwa nani kwa sababu niliandika mimi. Alikufa yapata miaka mia nne kabla sijazaliwa. Shamba lake lilikuwa Hodge Hill, Birmingham, Uingereza, pale ambapo sasa zimepangana nyumba pachapacha zenye bustani ndogo mbele, na katika mojawapo ya nyumba hizo nilikuwa nikifanya usafi mara tatu kwa wiki.

Kazi yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Alinileta kutoka Tanga nikiwa na miaka kumi na sita, mumewe alipofariki, nije nikae naye. Tuliishi Newtown, mtaa wa mji huohuo, ghorofa ya tisa. Moyo wake ulipoanza kumsumbua, ikawa hawezi kutoka kituo cha basi mpaka kwenye lifti bila kushika ukuta, aliniambia, "Nenda wewe. Yule bibi ni mtu mzuri, ila anasema sana. Wewe husemi. Mtapatana."

Kweli sikuwa msemaji. Niliishia darasa la saba, na shuleni nilijulikana kwa mwandiko tu. Nilikuwa naandika polepole mno. Kengele ya mtihani ililia mara nyingi nikiwa bado swali la tatu, lakini hayo matatu yalisomeka.

Yule bibi alikuwa mwalimu aliyestaafu, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Mezani kwake kulikuwa na picha za karatasi mbili za zamani alizozipata kwenye nyumba ya nyaraka: wasia wa mkulima, na orodha ya mali iliyokutwa nyumbani kwake. Alitaka zinakiliwe kwa mwandiko wa kusomeka, na kalamu haikukaa tena mkononi mwake. Siku moja aliona karatasi niliyoandika vitu vya kununua, sabuni na dawa ya vyoo, akaishika muda mrefu. Kuanzia siku hiyo ufagio ulipumzika saa moja kila nilipokwenda. Yeye alisoma kwa kioo cha kukuzia, mimi niliandika.

"Polepole, bab," alikuwa akisema. Watu wa Birmingham humwita hivyo mtu wanayempenda, awe mtoto au mzee. "Huyu kafa zamani. Hana pa kuwahi."

Jioni, baada ya sala ya magharibi, mama mkubwa alikuwa akiketi kitandani na mito mitatu mgongoni, akiniuliza, "Haya, mkulima wako leo kasema nini?"

Nikamweleza kwamba ameanza kwa kusema ni mgonjwa wa mwili lakini akili yake ni timamu, na roho yake anamkabidhi Mungu.

"Kaanza na Mungu. Vizuri. Na mke je?"

"Mke kapewa chumba cha juu ya jiko, na kuni, na kitanda, maisha yake yote. Nyumba na shamba ni vya mtoto wa kiume wa kwanza."

"Chumba!" Mama mkubwa aliinuka kwenye mito. "Mwanamke kamkamulia ng'ombe miaka yote, kapewa chumba na kuni! Huyo mwambie bibi yako amfute."

"Kafa, mama."

"Afutwe hivyo hivyo."

Aliwasema watu wale kama jamaa zake. Alifurahi binti mdogo alipopata ng'ombe mwekundu. Alimwonea huruma mtoto wa pili, aliyeachiwa koti na jozi ya viatu. Lakini siku niliyomwambia kwamba mtumishi wa ndani, msichana asiye na udugu nao, aliachiwa kondoo jike, na mwanakondoo wake, na blanketi alilokuwa akilalia, hakucheka. Alishika pindo la kanga.

"Si ndugu yake?"

"Si ndugu."

"Na akamtaja." Akavuta pumzi. "Mimi ningekuwa yeye... Hebu kalete kalamu."

Nami, kwa mapenzi, nikafanya kosa. Nikasema, "Usijichurie, mama!"

Kwetu mgonjwa hazungumzi kifo chake. Kukitaja ni uchuro, ni kukifungulia mlango. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa mdogo, alipokuja Tanga kututembelea, tena kwa kofi la mdomoni. Basi alinitazama, akageukia ukutani, akasema, "Kweli. Zima redio." Tangu jioni hiyo hakuuliza tena habari za mkulima.

Barua ya hospitali ikaja. Atapasuliwa kifua, wamtengeneze moyo, Jumatatu ya wiki ya pili.

Ghorofa ya saba alikaa Mzanzibari mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha magari, niliyekuwa nikimwita Ami. Alikuja kumjulia hali mama mkubwa na mkate wa ufuta aliouoka mwenyewe, na alipotoka alinivuta kwenye kibaraza, penye upepo.

"Mwanangu, mama yako ana jambo limemkaa hapa." Aligusa koo. "Yeye hana mtoto wa kumzaa. Warithi wake ni kaka zake wawili huko Tanga, na hiyo ni haki yao. Lakini theluthi ya mali yake anaweza kumwusia asiye mrithi. Anataka. Sasa niambie, kwa nini hasemi?"

Nilijua asiye mrithi ni nani, na nilijua nani aliyemziba mdomo. Nilichoogopa hakikuwa kukosa vyombo. Niliogopa aingie kwenye chumba cha kupasuliwa na neno hilo likiwa bado kooni, asiamke. Lakini kumwambia "Mama, usia" sikuweza. Nilimpelekea uji, nikasimama mlangoni, nikarudi jikoni. Zikapita siku nne.

Ijumaa ile, Hodge Hill, tukafika karatasi ya pili. Bibi akanieleza kwamba mkulima alipokufa majirani wanne waliitwa. Waliingia chumba baada ya chumba wakitaja kilichopo: sebuleni meza na mabenchi mawili, jikoni sufuria na chungu cha chuma, kwenye chumba cha maziwa ndoo na vyombo vya siagi. Wakatoka uani wakaandika hata samadi.

"Kwa nini majirani?" niliuliza. Bibi akainua kioo chake kunitazama, maana sikuwa na desturi ya kuuliza.

"Ndugu hugombana, bab. Na jirani alikwisha kuazima kila sufuria, anazijua."

Katika basi la kurudi nilikaa na jibu hilo mapajani. Watu wale hawakuwa na haja ya kuzungumza kifo. Walitaja benchi, wakataja ndoo. Kabla ya kupanda kwetu nilipitia ghorofa ya saba, nikamsimulia Ami habari za majirani wale, hata samadi, nikamwomba tufanye vivyo hivyo.

Jumamosi mchana Ami alipiga hodi, na mwenzake wa kiwandani awe shahidi wa pili, mtu mpole aliyekula visheti muda wote. Nikaingia chumbani na daftari.

"Mama, tumekuja kukagua vyombo."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Tunakagua tu. Mimi nataja kilichopo, wewe unasema unachotaka. Usipotaka, unanyamaza."

Alijifunga kanga vizuri na kujisogeza ukingoni mwa kitanda. "Haya. Na mwanze na hilo kabati, mlione lilivyo na vumbi. Msafishaji mzima yuko ndani ya nyumba!"

Ami alicheka mpaka akashika mlango. Tukaanza.

"Sufuria kubwa ya pilau," nikasema.

"Ya kaka mkubwa, katika fungu lake. Mkewe kaitolea macho tangu harusi yangu, sasa alale."

"Redio."

"Kaka mdogo. Mwambieni haisemi mpaka ipigwe."

"Sinia la shaba. Kanga, doti kumi na mbili."

"Za mtoto huyu." Kalamu yangu ikasimama. "Andika. Mbona huandiki?"

"Niandike nani?"

"Andika jina lako, au umelisahau?"

Niliandika polepole kuliko nilivyowahi kuandika chochote, nao wakasubiri, hakuna aliyenihimiza. Bangili mbili pia. Mkeka wa kusalia. Ami alifanya hesabu kichwani, akasema theluthi haijafika, endelea. Kisha akainua kifuniko cha mbao kilichokuwa pembeni mwa kitanda.

"Na cherehani, dada?"

"Hiyo haimo."

"Haimo vipi? Naiona."

"Mtu hausii kitu cha mwenzake. Hiyo ni ya huyu mtoto."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Wewe si shahidi? Basi shuhudia. Mwanangu, ibebe, uipeleke kwako. Kitu cha kupewa hushikwa, hakisemwi tu."

Kwangu ilikuwa sebuleni, kitanda cha kukunja chini ya dirisha. Cherehani ile ilikuwa ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, nzito kama mtoto wa miaka mitano. Mwenzake Ami aliacha visheti akanyanyuka anisaidie.

"Mwache!" mama mkubwa akamkemea. "Abebe mwenyewe."

Nikaibeba hatua kumi na moja, nikaiweka juu ya shuka langu, nikakaa kando yake kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na kule ndani kulikuwa na wageni. Nilimsikia Ami akisema, "Samadi hamna, tumemaliza," na mama mkubwa akicheka, akikohoa, akimwambia atie sahihi aache upuuzi.

Jumatatu aliondoka mwepesi. Kwenye lifti aligombana na mtu aliyekuwa na mbwa.

Alirudi baada ya wiki tano, amekonda, na kovu refu kifuani alilonionyesha mara moja tu. Asubuhi ya tatu aliacha kitanda akaja polepole mpaka sebuleni, akasimama mwanzoni mwa zulia na shuka lililochanika begani.

"Hodi," akasema. "Naomba kuazima cherehani yako."

"Mama, si ni yako?"

"Si yangu. Nimekuomba. Sema ndiyo au hapana."

Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia. Akaketi, akajaribu kutunga uzi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akanipa sindano nimtungie.