Vichwa vya Risasi

Mlio niliousikia majuzi nyuma ya nyumba ya baba mdogo, mtaani Nyamugari, ulikuwa mkwaruzo wa koleo, kisha "tok", kama kizibo kinachochomoka. Niliwahi kuusikia zamani.

Nilikuwa mtoto, tumerudi karibuni kutoka ukimbizini Tanzania. Alasiri moja kijijini kwetu Giteranyi, baba mdogo aliketi jikoni aking'oa vichwa vya risasi za kiwandani. Motoni aliyeyusha mabamba ya betri kuukuu ndani ya sufuria, na harufu yake chungu ikaingia hadi kwenye ugali.

"Iyo sufuria iko ya maharage!" mkewe alifoka.

"We nyamaza, mama. Hizi ni za nguruwe pori."

Kanisani tulikuwa tukihimizwa kusalimisha silaha, hivyo niliamini kwamba anaving'oa vita meno. Nikamshikia bakuli kwa fahari. Yeye akapachika vichwa laini alivyovimimina mwenyewe. "Ya kiwandani inapita tu," alinieleza. "Yangu inapasukia ndani."

Nikacheka naye. Leo najua kwamba vilima vile havikuwa na nguruwe pori hata mmoja. Hakuwa akiunda risasi upya, wala hakupima baruti. Alibadilisha kichwa tu, yaani alichagua aina ya jeraha la mtu. Wazo hilo nimeligeuza kila upande, na kila upande linanuka.

Majuzi, baada ya mlio ule, chai niliyoandaliwa sikuinywa. Nilitoka hadi barabarani nikawapigia polisi kumripoti. Walipouliza tunahusianaje naye, nilijibu, "Ni baba yangu mdogo."