Hatua za Kupanda, Hatua za Kushuka

Kiingereza nimejifunza mwenyewe, kwenye simu, katikati ya wateja wa chaja na vocha pale Same mjini. Naogopa sana kukosea. Neno moja naweza kulichimbua mchana kutwa kabla sijathubutu kulitamka mbele ya mtu, na hata hapo nalitamka kwa sauti ndogo.

Ndivyo nilivyonasa kwenye maneno ya vipimo. Nilijua "foot" ni mguu, na nilijua futi ya seremala, ila sikuwahi kuviweka pamoja nikajiuliza: mguu wa nani? Nikaendelea. "Elbow", yaani kiwiko, nikaikuta ni mkunjo wa "ell", kipimo cha zamani kilichotoka kwenye mkono. "Fathom" ya mabaharia hapo kale ilikuwa mikono miwili iliyonyooshwa, kama ya mtu anayekumbatia. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini, kwa sababu hiyo ni pima yetu kabisa. "Yard", yaani yadi, ndiyo iliyonisumbua. Asili yake, nilisoma, ni fimbo. Wenzake ni miguu na mikono. Kijiti kimefuata nini humo?

Nilikuwa nalo swali hilo nilipopanda milimani, kijijini Mhezi, kumlimia bibi. Ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na safari hii tulikuwa tunazibua mfereji kabla ya kupanda maharage. Kila nyumba hupewa kipande chake, na asiyekimaliza hukosa zamu ya kwanza ya maji. Bibi hawezi tena kushika jembe, kwa hiyo maharage yake yalikuwa mikononi mwangu.

Vipande vyote huwa na hatua sawa, na hupimwa kwa hatua za mtu mmoja tu, ili pasiwe na maneno kwamba fulani ana miguu mirefu. Mwenyekiti wa kijiji akanichagua mimi.

"Profesa apime," alisema. "Huyu hata chumvi anaionja mara mbili."

Nilipima kwa uangalifu uliowachosha watu. Nilianza bondeni nikapanda hadi kwenye jiwe kubwa. Kisha tukaenda juu kwenye chanzo, nikapima nikishuka hadi kwenye jiwe lile lile. Kipande cha bibi kiliishia upande wa chini wa jiwe, cha mzee jirani yake kikaanzia upande wa juu. Mzee alisimama juu ya jiwe, akatazama huku, akatazama kule.

"Profesa," akasema, "mguu wako unamjua bibi yako."

Watu wakacheka. Mimi masikio yaliwaka moto.

"Shikamoo mzee, lakini nimehesabu sawasawa."

"Marahaba. Kuhesabu umehesabu. Njoo uhesabu tena."

Nikapima kipande chake nikipanda. Hatua zikazidi. Nikashuka nacho, zikapungua zikarudi zilivyokuwa. Nikarudia. Mlima ulikuwa ukinifupishia hatua nikipanda na kunirefushia nikishuka, na mimi niliyeonja chumvi mara mbili sikuwa nimeliona hilo. Aibu ilikuwepo, lakini nikiri, nilitaka pia kupanda na kushuka siku nzima nione tofauti inafika wapi.

"Kwa hiyo bibi amepunguziwa kazi," mwenyekiti alisema. "Tukiacha hivi, zamu yake ya maji itasemwa."

Bibi, aliyekaa ukingoni na chupa ya chai, alisema, "Isisemwe. Niongezeeni."

Mzee hakungoja. Alikata mti mwembamba kwa panga, akaanza kuuchonga matawi.

"Urefu gani?" nikamuuliza.

"Wowote."

"Wowote hauwezekani, mzee."

"Ukiwa mmoja kwa wote, kuna shida gani?"

Bado sikuweza kuvumilia. Bibi akaniona ninavyohangaika, akanyoosha mkono wake pembeni. "Haya, kateni hapa. Puani mpaka kwenye kidole. Mtoto atulie."

Tukapima upya mfereji wote kwa fimbo ile, tukiilaza chini. Huko juu na huko chini ilikuwa ile ile. Nikaikumbuka "yard" na fimbo yake: labda, nilifikiri, mahali fulani Uingereza palikuwa na kilima, na watu waliochoka kubishana kuhusu miguu. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Kamusi haisemi.

Kipande cha bibi kilirefuka kikalipita jiwe, penye changarawe ngumu kuliko kote. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Jua likiegemea upande wa Same, mzee alilaza fimbo ubavuni mwa kipande chetu, tena na tena, hadi mwisho.

"Bibi, maji yako yapo," alisema.

Bibi akainuka, akaichukua fimbo mkononi mwake, akaanza kupanda nyumbani akiiegemea.

"Hiyo ni ya kijiji, bibi," nikamwambia.

"Kijiji kinajua ninapokaa."