Nyama Isiyo na Kichwa

Mwaka ule mvua iliponyesha mpaka mihogo ikaozea ardhini, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Dabani, na nilikuwa na bunduki. Ilikuwa bunduki ya marisau, yenye kibali, na ilinipa heshima ambayo ualimu haukunipa. Maji yalikuwa yamewafukuza wanyama mabondeni, wakapanda kwenye vichaka vya kando ya mashamba. Kila Jumamosi nilitoka na mbwa wawili na jirani mmoja mwenye mkuki, na tulichoua niligawa kwa nyumba alizonitajia katekista: wajane, wazee wasio na watu, watoto waliobaki na bibi zao.

Sikugawa kwa huruma tu. Nilipenda kupita njiani na vikapu na kusikia watu wakisema mwalimu ni mtu.

Desturi ilikuwa ngozi na kichwa hubaki kwa mwindaji. Nyama niliikatia nyumbani, mke wangu akaifunga kwa majani ya mgomba na kuipanga vikapuni. Kwa hiyo aliyepokea aliona nyama tupu. Mnyama alimjua kwa maneno yangu.

Nyumba ya mwisho katika mzunguko wangu ilikuwa ya mama mzee mmoja kule upande wa Buhehe. Sote tulimwita nyanya. Alilea wajukuu wawili, watoto wa binti yake aliyefariki. Baba yao alikuwa kibarua Jinja na hakuonekana tangu mavuno ya mwisho. Nywele za watoto zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, na mwalimu yeyote wa miaka ile alijua maana yake: utapiamlo.

Jumamosi moja tulipata pongo mmoja, yule swala wa vichakani, basi. Na watu wa ukoo wa nyanya hawali pongo. Ni mwiko wao tangu enzi za babu zao, na anayeuvunja husemekana kutokwa na vidonda mwili mzima na kung'oka meno. Jambo hilo nililijua, kama kila mtu alivyojua mwiko wa jirani yake. Nilisimama njiani na kikapu cha mwisho, nikajiambia kwamba Mungu hakuumba nyama ya kumtoa mtu vidonda, na kwamba wale watoto hawangefika mbali kwa kisamvu kitupu. Mambo haya niliyasomea. Nilikuwa na cheti.

"Nyanya, leo nimeleta mbuzi," nikamwambia. "Kuna mtu wa kanisani alichinja."

"Mbuzi? Mungu akupe, mwalimu. Leo hata mimi nakula."

Akala. Mimi nikaenda zangu, na kwa siku tatu sikulifikiria tena.

Siku ya nne alikuja kurudisha kikapu. Kwetu kikapu hakirudi kitupu, hata nyumba iwe na njaa ya namna gani, na nyanya alikuwa ametembea kutoka Buhehe na uyoga ndani ya kikapu, umefunikwa kwa jani. Alipoingia uani akaiona ngozi. Nilikuwa nimeiwamba mwenyewe ukutani, jua liipige, nyekundu yenye madoa meupe ubavuni. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu haikufika hata barabarani.

Aliisogelea, akayagusa madoa. Kisha akakitua kikapu miguuni pangu.

"Mwalimu, ile mbuzi, kichwa yake ilikuwa wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za vyakula vya kujenga mwili, kwa sauti ya darasani, mpaka mke wangu aliponitupia jicho nikanyamaza.

"Hawa watoto ni wa baba yao," nyanya akasema. "Ukoo ya baba yao inakula pongo. Wewe ungeniambia tu, mimi naazima sufuria kwa jirani, napika huko nje, watoto wanakula. Mimi nalala njaa. Njaa ni yangu, na mwiko ni yangu. Sasa wewe umechukua yote mbili."

Hakupaza sauti. Kwamba watoto hufuata ukoo wa baba, hata mtoto wa darasa la kwanza alilijua. Mimi nililijua. Ila siku ile nilikuwa na haraka ya kumwokoa mtu, sikuuliza. Uongo wangu haukumlisha mtoto hata mmoja ambaye ukweli ungemnyima.

Alirudi kwake akakivunja chungu alichopikia pongo, na hakuwa na kingine. Nikaenda soko la Tororo nikamnunulia kipya, kikubwa zaidi. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakilaza nyuma ya nyumba, na kuku wake akatagia humo. Yeye aliendelea kupika kwa sufuria ya kuazima.

Wiki zile nilitafuta visingizio vya kupita pale. Nilimtazama mikono, nikamtazama shingo, nikatazama meno yake machache aliponicheka. Mimi na cheti changu tulikuwa tukingoja vidonda. Havikutoka. Sikumwambia kwamba nilivingoja, wala yeye hakusema, lakini nadhani alivingoja kila asubuhi, na hofu hiyo nilimpa mimi. Naionea aibu mpaka leo.

Tangu hapo nilipompelekea nyama hakufungua jani kabla ya kuuliza, "Kichwa iko wapi?" Nikawa napeleka na kichwa. Jirani zake nao wakaanza kuuliza, kisha watu wa upande wa Masafu, na kufikia mavuno hapakuwa na mjane aliyepokea nyama yangu bila kwanza kutazamana na mnyama mwenyewe. Katekista alidhani ni utani wao. Nilicheka naye.

Baada ya miaka miwili homa ya ini ilinilaza. Macho yakawa ya manjano, bunduki ikakaa juu ya kabati ikila kutu, na chakula kikawa cha shida nyumbani. Waliokuwa wakisema mwalimu ni mtu walituma salamu.

Nyanya alikuja kwa miguu, na jogoo kwapani, mzima, miguu imefungwa kwa katani. Aliingia mpaka kitandani akamwinua mbele ya uso wangu.

"Hii kuku imezaliwa kwa ile chungu yako," akasema. "Kichwa yake ni hii. Umeona?"

"Nimeona, nyanya."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Machozi yakanitoka, nimezoea kusema ni ugonjwa. Nyanya akangoja mpaka nilipomaliza, kisha akamgeukia mke wangu akaomba kisu.